Jerikani Nzito

Jumamosi mbili zilizopita tulikutana watu wanne chini ya paa la gereji yangu hapa Lodwar kumlilia Fundi Bahati. Alikuwa amefia mbali, katika nchi ya baridi iliyompokea yeye na familia yake baada ya miaka mingi ya kungoja katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na kwa kuwa hatukuwa na maiti wala kaburi, tulifanya tulichoweza. Tulichemsha chai, tukachoma samaki wa ziwani, tukakaa juu ya matairi makuukuu na kumsimulia. Kila mmoja alikuwa na kisa chake. Mmoja alikumbuka jinsi Bahati alivyofufua lori kwa kipande cha kandambili, mwingine akaiga sauti yake, "Weye, usifunge bolti kama unaua nyoka!", tukacheka hadi machozi. Zamu yangu ilipofika nikasema koo limenikauka, nikainuka kuongeza makaa. Hawakunibana. Lakini nilikwenda kulala na maneno yangu yote, na ndiyo sababu nayaandika hapa: mwaka mmoja niliofanya kazi na mtu yule, na alasiri moja ndani ya mwaka huo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wakandarasi wa kuchimba mafuta walikuwa wamemiminika Lokichar, na kila fundi aliyejua kushika spana alikuwa amewakimbilia, basi mwenye gereji ya Kakuma akabaki na Bahati, Mkongomani mwenye sikio moja lililokufa, na mimi, msichana aliyekuwa na cheti kipya na mikono isiyo na kovu hata moja. Nilipewa chumba cha mabati nyuma ya gereji. Kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, msumari wa kutundikia ovaroli, na ukuta mwembamba uliopakana na kibanda cha chai. Kupitia ukuta ule nilisikia kila kitu kilichosemwa juu yangu. "Huyo atafungua injini na mwiko," alisema mmoja asubuhi ya kwanza. "Wacha bwana, gari ikimwona itaona haya iwake yenyewe." "Mimi nampa mwezi." "Mwezi? Wiki mbili, na atalia." Nilikunywa uji wangu nikiwa nimeketi kitandani, kijiko mkononi, nikiogopa hata kukigonga kwenye bakuli wasije wakajua nasikia. Mwezi ukaisha, nami sikulia, lakini woga ule haukuondoka. Niliogopa swali nisilolijua. Niliogopa bolti kukatika mkononi mwangu. Niliogopa zaidi ya yote siku ambayo ningekosea mbele ya watu, na wale wa nyuma ya ukuta wakapata ushindi wao.

Bahati hakuwa na habari na mambo hayo. Kila siku saa saba mke wake alituletea bugali na sombe, ugali na kisamvu cha kwao Kongo, katika sufuria iliyofungwa kwa leso, tukala kwa mikono yenye harufu ya petroli hata baada ya kunawa mara tatu, na yeye akala huku akinifundisha. Alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa fundi mwingine. Gari likiletwa halitaki kuwaka, hakufungua boneti. Alimgeukia mwenye gari kwanza na kumuuliza: "Nani aligusa hii gari mwisho? Na alifanya nini?" Wateja walikasirika. Dereva mmoja wa lori alimwambia, "Mzee, mimi nimekuja kutengenezewa, si kuandikwa polisi." Bahati akatabasamu na kungoja. Gari, alisema, haliharibiki bila habari. Mtu ndiye anayeficha habari. Hata sisi wawili tulipopokezana kazi, ilitubidi kusema kwa sauti kile tulichokigusa. "Nimefungua filta. Nimerudisha filta. Nimebadilisha plagi ya tatu." Mwanzoni niliona kama sala ya watoto. Baadaye nikaizoea, na kuizoea kwangu, sasa naona, ndiko kulikofanya kosa langu liwe baya zaidi.

Jambo jingine lilikuwa sikio lake. Kwa kuwa moja lilikuwa limekufa na upepo wa Kakuma haunyamazi, hakuweza kusikia pampu ya mafuta, ule mlio mdogo wa sekunde mbili unaotoka ndani ya tangi unapowasha ufunguo kabla ya kupiga stata. Alikuwa amenunua sokoni ekicholong, kigoda kile kidogo cha mti ambacho wanaume wetu hutembea nacho na kulalia kichwa. Aliingia nacho chini ya gari, akakandamiza mguu wa kigoda kwenye tangi na sikio zima kwenye kikalio, kisha akapaza sauti: "Washa!" Wazee wa Kiturkana waliopita walisimama kushangaa Mkongomani aliyelalia kigoda chini ya gari mchana kweupe. "Anaota?" aliuliza mmoja. "Anasikiliza tumbo la gari," nilimjibu. Akatikisa kichwa na kuendelea na safari yake.

Alasiri ninayoikumbuka ilikuwa ya mwezi wa nne. Mama mmoja kutoka kijiji cha Lopur alishushwa na pikipiki mbele ya gereji, amembeba binti yake wa miaka kama saba, Akai. Mtoto alikuwa ameingiza mkono kwenye rundo la kuni na nyoka akamuuma. Mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Kliniki ndogo aliyoanzia haikuwa na dawa ya sumu. Walimwambia akimbie Lodwar. Msafara wa magari yaliyosindikizwa na askari ulikuwa umeondoka asubuhi, na hakukuwa na gari jingine. Bahati alimtazama mtoto, akautazama mkono, akaingia ndani kuchukua karatasi yake ya ruhusa ya kutoka kambini, aliyoihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. "Amoni," aliniambia, "utaendesha. Mimi nitamushika mutoto."

Pikapu ya gereji ilikuwa ya petroli, na geji yake ya mafuta ilikuwa imekufa kabla sijafika. Kanuni yetu ilikuwa kuijaza nusu tangi na kuongeza lita kumi katikati ya njia, kutoka kwenye jerikani ya manjano tuliyoifunga kitambaa chekundu shingoni. Mama Akai naye alikuja na jerikani yake ya maji, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayetoka nyumbani bila maji. Nayo ilikuwa ya manjano, ya lita kumi, na shingoni ilikuwa na kitambaa chekundu, kipande cha shuka, alama aliyoiweka ili wanawake wenzake wasimchukulie kwenye foleni ya kisima. Mwenye pikipiki aliitupa nyuma ya pikapu karibu na yetu. Tuliondoka.

Nilikuwa na mafua ya vumbi, pua imeziba kwa siku tatu. Sisemi hivyo kujitetea. Nilisimamisha gari mahali nilipokadiria kuwa katikati ya njia, nikazima injini, nikaruka chini. Bahati alikuwa kiti cha nyuma, mkono wa mtoto ameuegemeza kifuani mwake ili usining'inie, na Mama Akai alikuwa akimpepea kwa ukingo wa shuka. Upepo ulikuwa ukinirushia mchanga machoni. Nilishika jerikani iliyokuwa karibu, nikaweka faneli, nikaiinua. Ilikuwa nzito. Nakumbuka bega langu lilishuka upande mmoja, na nakumbuka nilifikiri, "Leo nimechoka." Lita kumi za petroli nilikuwa nimeziinua mara nyingi mwaka ule, mkono wangu ulijua uzito wake kama unavyojua uzito wa kikombe. Nilimimina hadi tone la mwisho, nikafunga, nikarudi kwenye usukani. Injini iliwaka mara moja. Tulienda kama kilomita moja, barabara ikashuka kwenye laga, mto wa mchanga mkavu wenye upana wa kama uwanja wa mpira, na katikati kabisa ya mchanga ule injini ikakohoa, ikatetemeka, ikafa.

Nilipiga stata. Injini ilizunguka kwa nguvu, rurururu, haikushika. Nikapiga tena. Bahati alimlaza mtoto mapajani mwa mama yake, akashuka, na kabla ya kugusa chochote akaniuliza kupitia dirishani: "Nani aligusa gari mwisho? Na alifanya nini?"

"Mimi," nilisema. "Nimeongeza mafuta tu."

"Jerikani yetu yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa kukubali. Betri ilikuwa nzima, stata ilikuwa nzima. Akachukua kigoda, akalala chali kwenye mchanga chini ya tangi. "Washa!" Nikawasha ufunguo. "Pampu iko nalia," alisema kutoka chini. "Iko nalia muzuri, lakini kama vile inavuta kintu kizito." Alipotamka neno lile, kizito, nikajua. Bega langu lilikumbuka. Niligeuza kichwa polepole kutazama nyuma ya pikapu, na pale ilikuwepo jerikani iliyokuwa bado imejaa, na kwa umbali ule niliona pindo jeusi kwenye kitambaa chake, kama vitambaa vyote vya gereji tulivyovikata kutoka ovaroli moja nyekundu. Kitambaa cha yule mama hakikuwa na pindo. Nilikuwa nimetia maji ndani ya tangi.

Ningesema wakati ule, tungekuwa tumepoteza dakika tano. Naandika haya nikiwa na umri wa kuweza kumhurumia msichana yule, na bado simhurumii. Nilisikia kibanda cha chai ndani ya kichwa changu. Nilisikia wakisema: ametia maji, msichana wa Kiturkana, ambaye mama zake huchimba mchanga nusu siku kupata maji, ameyachukua akayanywesha gari. Nilimwona mwenye gereji akininyooshea mlango. Na mawazo hayo yote yalikuwa madogo, nami nilijua ni madogo, maana nyuma yangu kulikuwa na mtoto anayepumua kwa mdomo wazi. Bahati alitoka chini, akajipangusa mchanga, akafungua boneti. Alichomoa waya wa plagi, nikapiga stata, cheche ya buluu ikaruka. "Moto uko," alisema. "Sasa tufungue kwa filta, tuone ni mafuta gani inafika." Alikuwa tayari ameishika spana. Nami nikasema, "Fundi, labda ni rilei. Jana ilikuwa inakatakata."

Haikuwa inakatakata. Aliniamini. Aliweka spana chini akaenda kwenye sanduku la fyuzi, akachomoa rilei, vile vidude vya kupitisha umeme, moja moja, akazisugua miguu, akazirudisha, akisema kwa sauti kila alichokigusa, na mimi nikiitikia. Tulipiga stata, injini haikuwaka. Akarudi kwenye filta. Nikasema labda ni waya wa chini ya kiti, tulipita jiwe kubwa. Akaenda chini ya kiti. Nilikuwa nangoja nini? Nimejiuliza miaka yote. Nafikiri nilikuwa nangoja gari liwake lenyewe na kunisamehe. Mama Akai alinyoosha kidole kuelekea magharibi, kwenye milima. "Angalia huko," alisema. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima kama masizi chini ya sufuria, na chini yake mvua ilining'inia kama nyuzi. Juu yetu jua lilikuwa likiwaka. Mtu yeyote aliyekulia Turkana anajua maana yake: mvua ya huko ndiyo maji ya hapa, na huja bila kubisha hodi. Tungeweza kutoka kwenye laga kwa miguu, hilo halikuwa shida. Lakini laga likijaa halipitiki hadi kesho, na Lodwar ilikuwa ng'ambo, na mtoto hakuwa na kesho ya kungojea.

"Fundi," Mama Akai alisema, "gari nakataa nini? Sema ukweli. Kama nakataa kabisa, mimi nabeba mtoto yangu natembea."

"Mama, ngoja kidogo. Tunatafuta."

"Tafuta na haraka. Mtoto nataka maji."

Nilimsikia akishuka. Nilikuwa nimeinama juu ya waya ambao haukuwa na kasoro, nikijifanya naufuatilia, na nikasikia jerikani ikiburutwa juu ya bati la pikapu, na kifuniko kikifunguka, na kikombe cha bati kikigonga shingo yake. Nilinyanyuka nikajigonga kichwa kwenye mlango. Alikuwa amemimina, upepo unapeperusha harufu mbali naye, na tayari amegeuka kumwelekea mtoto, kikombe kiganjani.

"Usimpe!" Nilipiga kelele hadi sauti ikapasuka. "Usimpe, hiyo ni petroli!"

Kikombe kilianguka. Mchanga ulikunywa kilichokuwemo, na doa likakauka mbele ya macho yetu. Mama Akai alinitazama, akatazama jerikani, akanusa vidole vyake. Bahati alikuwa amesimama na spana.

"Maji yake nimeyatia kwenye tangi," nilimwambia. "Jerikani zilifanana."

"Umejua saa ngapi?"

Ningeweza kusema, sasa hivi. "Uliposema pampu inavuta kitu kizito."

Hakunigombeza. Nilitamani anipige. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu, na hesabu ile ilikuwa ya dakika. "Leta spana kumi na saba," alisema. "Na beseni." Tuliingia wote wawili chini ya gari. Alilegeza bolti ya chini ya tangi, na maji yakatoka, safi, baridi, maji ya kisima yasiyonyweka tena, yakimiminika kwenye beseni huku mtoto mwenye kiu akiwa juu ya vichwa vyetu. Maji hukaa chini ya petroli, alinieleza kwa haraka, kwa hiyo hutoka kwanza. Kazi ni kujua yanapokwisha. Alishika mkono wangu akauweka chini ya mchirizi. "Ikikausha mukono, sema." Nilihisi ubaridi wa maji, ukiendelea, ukiendelea, na kisha ghafla ubaridi mwingine, mkali, unaoruka kwenye ngozi na kuacha kiganja kikavu. "Sasa!" Akakaza bolti. Tulichomoa paipu ya filta, tukaielekeza kwenye chupa, nikawasha na kuzima ufunguo mara nane, tisa, pampu ikisukuma maji yaliyobaki njiani hadi chupa ikaanza kuleta petroli tupu. Tukarudisha paipu. Tukamimina petroli ya jerikani iliyobaki. Nilisema kila nilichokigusa, na safari hii kila neno lilikuwa kweli.

Kwenye ukingo wa mbele, upande wa Lodwar, mchungaji mmoja alikuwa akikimbiza mbuzi wake juu, huku akipunga fimbo. "Ngakipi!" alipiga kelele. "Ngakipi!" Maji. Sikuyaona bado. Niliyasikia, kama lori kubwa linalokuja kwenye barabara isiyokuwepo. Nikapiga stata. Rurururu. Bahati aliweka kiganja juu ya dashibodi. "Endelea. Iko inavuta. Endelea." Ikakohoa mara moja. Ikanyamaza. Mama Akai alikuwa amemfunga mtoto mgongoni kwa shuka, mguu mmoja tayari nje ya mlango, na alikuwa akinitazama mimi, si maji. Nikapiga tena, na injini ikashika kwa silinda mbili, kisha tatu, ikitetemeka kama mgonjwa wa malaria, moshi mweupe ukijaa nyuma. Nilitia gia ya kwanza, mchanga ukatung'ang'ania, ukatuachia. Tulipopanda ukingo niliona kwenye kioo ulimi wa maji ya rangi ya chai ukipita pale tulipokuwa, ukibeba matawi na povu. Haukuwa na haraka wala hasira. Ulipita tu. Beseni letu lilielea juu yake.

Hospitalini Lodwar mtoto alipokewa kabla hatujamaliza kusema. Daktari alikuwa kijana, kalamu imekwama nyuma ya sikio. Aliuliza saa ya kuumwa, saa ya kutoka Kakuma, akaandika, akasimama. "Mmetumia muda mrefu sana. Hapa kati kuna karibu saa nzima siioni. Mlikuwa wapi?" Bahati akafungua mdomo. "Gari ilikataa—" alianza, na nikamwona anavyotaka kunifunika, mwema yule, na jinsi ambavyo ningeweza kuingia chini ya neno lake na kukaa humo hadi leo.

"Ni mimi," nilisema. "Nilitia maji kwenye mafuta kwa bahati mbaya. Lakini saa nzima si bahati mbaya. Nilijua, nikanyamaza. Niliogopa kufukuzwa kazi."

Daktari aliandika kitu, sijui nini, akaenda kwa mtoto. Mama Akai alikuwa kwenye benchi. Tulikuwa na Kiturkana, mimi na yeye, tungeweza kuyamaliza wawili, lakini alisema kwa Kiswahili, polepole, ili kila aliyekuwepo asikie.

"Wewe natisha mimi kuliko nyoka," alisema. "Nyoka haikujua."

Akai alipona. Vidole viwili vya mkono ule vilikufa na vikaondolewa, na daktari, nilipomfuata kwenye korido kumuuliza kama ile saa ndiyo iliyovichukua, alisema huenda, huenda pia la, sumu haina kipimo. Sikupata jibu jingine, na nimeacha kulitafuta. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile muuguzi alitoka akasema wanahitaji watu wawili wa kumshika mtoto wakati wa kusafisha kidonda, kwa sababu amezinduka na anapigana. Mama Akai aliinuka. Alinipita, akafika mlangoni, akageuka.

"Kuja," alisema. "Shika miguu."

Niliingia nikashika. Ilikuwa miguu midogo yenye mchanga wa laga katikati ya vidole, na ilinipiga mateke kwa nguvu zake zote, kifuani, shingoni, mdomoni, nami nikaishikilia.